Munkoyo ya Siku ya Tatu

Jumamosi ijayo nitamkabidhi Solange chungu, mwiko na kichujio, na kazi yangu itakuwa imekwisha. Nina miaka kumi na minane. Watu wanacheka nikisema ninastaafu, lakini nimefanya kazi hii miaka minne, nimekosa Jumamosi mbili tu, zote za malaria, na baba anasema hapa Likasi siku hizi ni wachache wanaoweza kusema hivyo juu ya kazi yoyote. Jumatatu ninaenda Lubumbashi kusomea uuguzi. Solange ameniomba nimweleze kila kitu kwa mdomo. Kwa mdomo mimi sijui. Mbele ya watu watatu sauti yangu inarudi tumboni. Kwa daftari ninajua kidogo. Basi, Solange, soma pole pole, na wengine watakaokuja nyuma yako wasome pia.

Kazi yenyewe ni kupika munkoyo ya kikundi, kile kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi. Kikundi ni cha watu waliokuwa wanakunywa pombe mpaka maisha yakawaharibikia, sasa wanasaidiana kuacha. Wanakutana Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa parokia. Hakuna daktari, hakuna padri anayehubiri, hakuna mkubwa. Kuna mabenchi na watu, na kila mtu ana kopo la munkoyo mkononi. Mwanzoni sikuelewa kwa nini kopo. Mama Feza alinieleza: mtu aliyeshika kopo miaka ishirini, ukimwambia aongee mikono mitupu, mikono itamsumbua kuliko ulimi.

Mama Feza ndiye aliyeanzisha kikundi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa jirani yetu, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa barabara ya tatu. Miaka tisa alikuwa anatengeneza lutuku nyuma ya nyumba, ile pombe kali ya mvuke, na kuiuza. "Muteja yangu wa kwanza alikuwa minye mwenyewe," alikuwa anasema. "Naonja mbele ya kuuzisha. Naonja tena wakati niko nauzisha. Kiisha naonja ile inabakia, ju isiharibike." Siku alipoanguka juu ya mbabula, jiko lake la makaa, na kuungua mkono, hakuna mteja aliyekuja kumwona. Alikuja mtu mmoja tu, Papa Didas, fundi wa baiskeli, ambaye naye alikuwa anajaribu kuacha na hawezi. Wakakaa wawili wakaongea mpaka jioni. Kikundi kilianza hivyo, wagonjwa wawili na kiti kimoja.

Nilikuwa na miaka kumi na minne alipokuja kwetu kuniomba. Mama yangu alimwambia, "Bea? Huyu hata kusalimia ni shida."

"Njo maana namutaka," Mama Feza akajibu. "Nataka mutoto mwenye hasemake mingi. Kile kinasemwa mule ndani kinabakia mule ndani."

Siku ya kwanza nilimwaga nusu ya chungu mlangoni. Nilikuwa nimekibeba peke yangu kwa sababu niliona aibu kuomba mtu anishikie upande wa pili. Papa Didas akaangalia munkoyo ikikimbia chini ya mabenchi, akasema, "Nimeona pombe ikimwangwa hapa chini mara mingi, lakini haikukuwa na mutu wa kulia namna hii." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia kweli. Mama Feza akanipa kitambaa cha sakafu na kusema nianze kona ya kulia.

Sasa kazi. Unga wa mahindi unaupika Ijumaa mchana, uji mwepesi, usiwe mzito kama bukari, ugali wetu. Ukiiva unautoa motoni na kuuacha upoe kidogo. Mizizi ya munkoyo unainunua kwa wamama wa sokoni ikiwa imefungwa vifurushi, unaitwanga mpaka iwe nyuzi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiitia mizizi uji ukiwa unachemka, unaiua, na uji utabaki uji. Ukiitia umepoa, haitafanya kitu. Mama Feza hakuwa na kipimo. "Tia kidole, hesabu mpaka tatu. Kama unafika tatu na bado haujalia, tia mizizi. Kama unafika kumi, umechelewa, pasha tena." Nina alama kwenye kidole cha shahada kwa sababu ya kuhesabu vibaya. Ukipatia, utaona uji mzito unalegea wenyewe na kuwa maji matamu bila sukari. Mpaka leo ninapenda kuangalia saa hiyo. Jumamosi asubuhi unachuja kwa kitambaa cha mfuko wa unga uliofuliwa, na mchana iko tayari.

Halafu kuna jambo la siku. Munkoyo ya Jumamosi ni tamu, hata mtoto anayenyonya anaweza kulambishwa. Ya Jumapili inaanza kuwa chachu. Ya Jumatatu, na zaidi kama kuna sukari ndani, inakuwa pombe. Haipigi kelele kama lutuku, lakini ni pombe. Mama Feza alinionyesha kwa kuacha kopo moja dirishani na kuninusisha kila siku. Siku ya tatu kulikuwa na mapovu madogo pembeni na harufu iliyopanda puani. Hakuionja yeye. Alinipa mimi ncha ya kijiko, kisha akaimwaga. "Ulimi yako itakumbuka," alisema. "Yangu inakumbuka kupita kiasi."

Nilipoanza, mji ulikuwa umechoka. Mishahara ilikuwa haifiki. Majirani wengi walikuwa wamepanda treni wakaondoka, na nyumba zao zikabaki bila milango. Wanaume walioamshwa miaka yote na king'ora cha kazi waliendelea kuamka saa ile ile, wakanyoa ndevu, wakakosa pa kwenda. Lutuku ilipatikana kwa urahisi kuliko sabuni. Kwa hiyo kikundi kilikua haraka. Tulikuwa na mabenchi ya watu kumi na wawili, na watu walifika ishirini. Kulikuwa na Wakatoliki na watu wa makanisa ya maombi, wakabishana wiki mbili kama tufungue kikao na Baba Yetu au kila mtu aombe kwa sauti yake. Mama Feza akasema tufungue kwanza madirisha.

Namna yao ya kufanya kazi nilijifunza kwa kukaa nyuma na makopo. Kila mtu ana zamu. Anasema jina lake na siku alizokaa bila kunywa. Anasema habari yake, na hakuna wa kumpa mashauri. Mtu akianza kumlaumu mke wake, "Bibi yangu ananikalipia kila siku, njo maana..." Mama Feza anamkata: "Bibi yako haiko hapa. Anza na neno minye." Wengine walikasirika na kutoka. Wengi wa waliotoka walirudi. Mwishoni wanaondoka wawili wawili, kila mmoja amepangiwa mwenzake wa kumsindikiza, kwa sababu kutoka parokia mpaka nyumbani mtu anapita mbele ya nyumba nne au tano za lutuku, na wenye nyumba wanamjua kwa jina. Nilikuwa nafikiri watu wanaacha pombe kwa nguvu ya moyo. Niliona wanaacha kwa kusindikizwa mpaka kwenye mlango, leo, na tena Jumamosi nyingine.

Sasa niandike ile kesi ngumu. Papa Sambwa mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Andika, lakini andika vile ilikuwa. Usinifanye malaika, utapata kazi ya kunifuta."

Papa Sambwa alikuwa mvunja mawe kule Kakontwe. Alikuwa mrefu, mwenye vumbi la chokaa kwenye nyusi hata Jumapili, na alikuja kwenye kikundi mwaka wangu wa pili. Mke wake, Mama Eliza, alikuwa amechoka naye na kwenda na watoto watatu kwa kaka yake Kambove. Papa Sambwa akaacha kunywa. Miezi mitano mizima. Akamtumia mke wake habari, na mke akajibu kwa mdomo wa dereva wa lori: atakuja Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, atakaa kwenye kikundi, asikie na masikio yake. Kama bwana yuko mzima, watarudi. Kama hapana, asimtafute tena. Papa Sambwa alitusomea jibu hilo kama barua, ingawa hakukuwa na karatasi.

Jumamosi moja kabla ya ile, tulinyimwa ukumbi. Kulikuwa na kilio cha mzee mmoja wa parokia, watu wamejaa mpaka uani. Kikundi kikasogezwa mpaka Jumatatu. Munkoyo yangu ilikuwa tayari. Tena wiki ile mfanyabiashara mmoja wa kikundi alikuwa ametuletea sukari, kitu ambacho hatukuwa tumekiona kwa muda, na mimi kwa furaha niliitia yote. Mama Feza hakuwepo, alikuwa amekwenda gereza la Buluo kumpelekea chakula mtoto wa dada yake aliyefungwa kule, na angelala kwa watu mpaka Alhamisi.

Jumatatu saa saba nilifunua chungu. Mapovu yalikuwa pembeni. Nilionja na ncha ya kijiko. Ikapanda puani.

Nilijua, Solange. Nataka uelewe hapa. Sikukosea kwa kutojua. Nilisimama na kile kijiko nikafikiria unga, uliotolewa kopo kopo na nyumba sita ambazo zenyewe zilikuwa zinakula mara moja kwa siku. Nikafikiria watu watakavyoniangalia nikimwaga. Nikafikiria kwamba nitalazimika kusimama mbele ya watu ishirini na kusema kwa sauti. Hilo la mwisho, nikiwa mkweli, ndilo lililonishinda. Nikajiambia imekuwa chachu tu. Nikagawa.

Papa Sambwa alikunywa kopo la kwanza kwa mkupuo kwa sababu ya joto. Akaleta kopo tena. Alipoleta mara ya tatu alikuwa anatabasamu na macho yake yalikuwa mahali pengine. "Leo munkoyo iko bien, iko muzuri kabisa, mutoto," akasema. "Jaza." Nikajaza.

Papa Didas ndiye aliyekuwa mwenzake wa kusindikizana. Njiani Papa Sambwa akamwambia anaingia kununua chumvi, amngoje mbele. Papa Didas akangoja karibu na daraja mpaka jua likazama.

Jumanne na Jumatano hakuonekana. Alhamisi asubuhi Papa Didas alimkuta amelala nyuma ya nyumba ya lutuku, hana viatu, na nyundo yake ya mawe imebaki rehani kwa mwenye nyumba. Akamchukua kwake akamnywesha maji na uji. Jumamosi ya Mama Eliza ilikuwa kesho kutwa.

Mama Feza alirudi Alhamisi hiyo hiyo, akaja moja kwa moja kwetu. Nilikuwa nasugua chungu, kwa mara ya nne nafikiri.

"Jumatatu uligawa munkoyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ulionja?"

"Nilionja. Ilikuwa muzuri."

Akachukua kichujio kilichokuwa kimeanikwa kwenye kamba, akakinusa. Kitambaa kile hakitoki harufu haraka. Akakirudisha kwenye kamba na kukinyoosha vizuri, kama mtu mwenye nafasi. Nilingoja anipige makelele. Akasema tu, "Jumamosi kuna fasi kwenye benchi," akaondoka.

Sikutaka kwenda. Nilimwambia mama nina homa, mama akaweka mkono kwenye paji langu na kunipa ndoo nikachote maji. Saa nane nilikuwa ukumbini na ndoo ya maji safi, bila munkoyo. Watu wakaanza kuuliza munkoyo iko wapi, na mimi nikawa naangalia sakafu.

Mama Eliza alikuwa amefika kabla ya wote, amevaa kitambaa cha kichwa cha kwenda kanisani, mkoba mapajani. Mwanamke mdogo wa mwili. Papa Sambwa aliingia na Papa Didas amemshika kiwiko. Hakukaa mahali pake, alikaa karibu na mlango wanapokaa wageni. Kopo la maji likawa linamwagikia magotini. Mama Eliza alimtazama mara moja, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Kila mtu aliona kwamba anataka kusimama na kwenda zake.

Mama Feza akauliza nani anaanza. Nikasikia kiti kinaburuzwa, kumbe ni mimi nimesimama. Sikungoja kufika kwenye benchi. Nikasemea pale pale.

"Minye ni Bea. Minye sikunywake pombe. Jumatatu minye njo niligawa munkoyo. Nilionja mbele. Ilikuwa kali, imeshakuwa pombe. Nilijua, na sikusema. Niliogopa kusema."

Hakuna aliyecheka. Kisha sauti moja nyuma: "Njo maana kichwa iliniuma!" Na Papa Didas, taratibu, akiangalia kofia yake: "Minye pia nilisikia ukali. Niliweka kopo chini. Niliwaza labda ni ulimi yangu inanidanganya, nikanyamaza." Mwanamke mmoja akasema hata yeye. Tulikuwa watatu, basi, tulioonja na kunyamaza, na watu wawili kati ya hao walikuwa na umri wa wazazi wangu. Hilo lilinifariji na kunitisha pamoja.

Mama Eliza akasimama. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Kumbe ni bantu balimunywesha!" akasema. "Basi haiko kosa yake. Sambwa, sikia, haiko kosa yako. Walikunywesha!" Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta chini ya kitanda. Angeweza kurudi nyumbani na sababu hiyo. Ilikuwa sababu nzuri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeileta. Nilimwombea Papa Sambwa moyoni aikubali.

Papa Sambwa akaweka kopo chini kwa sababu lilikuwa linamsumbua.

"Hapana, Mama Eliza," akasema. "Kaa kidogo. Kopo mbili za kwanza zilitoka kwa mutoto. Ya tatu, minye nilishajua ni nini, njo maana niliomba. Na kwa lutuku hakuna mwenye alinipeleka. Didas nilimudanganya eti naenda kununua chumvi. Nilienda na miguu yangu. Nyundo niliitoa na mikono yangu." Akapumua. "Minye ni Sambwa. Nilikuwa na miezi mitano. Leo niko na siku mbili."

Watu wakaitikia kama wanavyoitikia siku zote, "Siku mbili, Sambwa," bila kupandisha wala kushusha sauti. Halafu akanigeukia mimi. "Na weye, Bea. Ya kwako ni ya kwako, umesema, imekwisha. Ya kwangu usiibebe. Uko na mabega madogo."

Mama Eliza alikaa. Uso ulikuwa umefungwa tena, lakini si kama mwanzo. Kikao kikaendelea, mtu wa tatu, wa nne, habari za mtoto mgonjwa, habari za shemeji anayeuza pombe nyumba moja na mtu anayetaka kuacha. Mama Feza hakusema neno juu ya mambo yale, isipokuwa kwamba tangu leo mwenye kupika ataonja mbele ya wote na kutangaza, na kama ni kali itamwagwa, unga au si unga. Hiyo ndiyo sheria utakayoikuta, Solange. Watu watakusukuma uifupishe. Usiifupishe.

Kikao kilipokwisha, nilikwenda nyuma ya ukumbi kuosha makopo. Nikasikia viatu. Mama Eliza alisimama juu yangu na mkoba wake. Nilijua amekuja kunitukana, nikajiweka tayari.

"Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita, mama."

"Bwana yangu eko na miaka makumi ine na mbili. Miaka kumi na moja ya ndoa. Alikunywa ju ya mukubwa wa kazi. Alikunywa ju ya kazi kukosekana. Alikunywa ju yangu. Leo njo ya kwanza nasikia alienda na miguu yake."

Sikujua kama anasifu au analaumu. Nafikiri hata yeye hakujua. Akaweka mkoba juu ya ukuta, akachukua kitambaa na kuanza kukausha makopo, moja moja, akiyapanga mdomo chini. Mbele ya parokia dereva wa lori la Kambove alikuwa anapiga honi. Alikausha mpaka la mwisho. Nilitaka kumwuliza kama atarudi, nikashindwa.

"Narudi leo Kambove na hii lori," akasema, kama amesikia. "Watoto niliwaacha kule. Sikumwambia kitu Sambwa, na weye usimwambie kitu." Akachukua mkoba. Alifika kwenye kona, akageuka.

"Jumamosi munaanza saa ngapi?"

"Saa nane, mama. Lakini bantu banafikaka saa nane na nusu."

Jumamosi iliyofuata alifika saa nane kamili, na watoto watatu na godoro. Alitukuta bado tunafagia.